Weka na ya Kutolea

Duka la mama liko Makambako, pale njia ya Mbeya na ya Songea zinapoachana. Anauza khanga na vitenge. Mimi niliyehamia Dar es Salaam ndiye niliyekuwa mnunuzi wake: nazunguka Barabara ya Uhuru na Kariakoo nikichagua doti, nafunga mzigo, naupakia basi Ubungo. Mzigo haukuwa na tabu. Tabu ilikuwa hela ya kununulia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hela ilisafiri na konda. Mama aliitia kwenye bahasha ya kaki, akaizungushia gazeti, akaandika jina langu, kisha akamkabidhi konda anayemfahamu pamoja na ya soda. Jioni basi likiingia nami niko getini. Wenzetu walikuwa na mbinu zao: wengine waliichimbia ndani ya gunia la viazi, na aliyepokea gunia akalazimika kulimwaga lote sebuleni. Simu za mkononi zilipoenea ikaja mbinu ya vocha. Mama ananunua vocha, anazikwangua, ananisomea tarakimu moja moja, mimi naziuza kwa mwenye kibanda kwa bei ya hasara. Kwa hiyo kampuni za simu zilipoanza kubeba hela, watu walikuwa wamekwisha kuzitangulia.

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikaingia Tanzania Aprili 2008. Nilipomweleza mama, alitaka kujua jambo moja tu: "Sasa hiyo hela yenyewe, mwanangu, inakuwa iko wapi?" Nilimwambia iko kwenye simu. Hakuridhika, na nikifikiria leo naona lilikuwa swali zuri kuliko jibu langu. Kilichomshawishi ni msiba. Hela ya rambirambi ilitakiwa siku ile ile, na hakukuwa na basi ambalo lingewahi maziko.

Tangu hapo tukawa watu wa wakala. Wakala alikuwa na meza na mwavuli, au kona ya duka la dawa, na daftari kubwa unaloandika jina na kutia sahihi. Ukifika asubuhi sana hana pesa taslimu, ukifika jioni hana floti, yaani salio la kukuwekea kwenye simu. Lakini mambo yote hayo yalivumilika. Ugomvi ulikuwa kwenye makato.

Muuzaji wa jumla wa Barabara ya Uhuru alikuwa na bei yake, na bei yake ilikuwa ya noti mkononi. Mama akituma kiasi hicho hicho kwa simu, muuzaji akienda kukitoa anakatwa. Basi kila tulipomaliza kupatana, na mama ameshalainishiwa bei kwa jasho langu, muuzaji anaongeza kwa sauti ya upole: "Mwambie mama aweke na ya kutolea." Mama naye upande wa pili, nimemweka kwenye spika, anajibu kwamba yeye ameshakatwa ya kutumia, haiwezekani akatwe kwenda na kurudi. Muuzaji anamwita mama yangu "mama" kwa heshima zote na habanduki. Mama anamwita "baba" na yeye habanduki. Mimi nimesimama katikati ya majora ya vitenge, nyuma yangu foleni, nasubiri watu wawili wasiowahi kuonana wamalize kugombea shilingi elfu mbili. Mara nyingi niliitoa mfukoni mwangu ili niondoke.

Baadaye nikaanza kuuza mwenyewe, picha kwenye Instagram na kwenye WhatsApp. Hapo nikawa upande wa pili wa ule ugomvi, nami bila aibu nikaandika chini ya kila picha: malipo kwanza, na ya kutolea. Wateja waliuliza niko mtandao gani, kwa sababu kutuma toka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa na usumbufu hadi kampuni zilipoanza kuunganisha huduma zao kuanzia mwaka 2014. Wafanyabiashara walibeba simu tatu zilizofungwa pamoja kwa mpira.

Wezi nao hawakulala. Kuna ujumbe ambao sidhani yupo Mtanzania mwenye simu asiyewahi kuupata: ile hela itume kwenye namba hii. Anayeutuma hakujui, anabahatisha tu kwamba leo unadaiwa. Wengine wanaghushi ujumbe wa malipo, jina na kiasi vyote vipo, wanakuonyesha huku bodaboda wao anasubiri mzigo. Dawa yake ni kutazama salio kabla ya kuachia kitu, hata kama mteja amenuna.

Lipa namba ilipokuja, yaani namba maalumu ya duka ya kupokelea malipo kwa simu, mteja akaacha kuulizwa ya kutolea, na makato ya kutoa hela yakamhamia mwenye duka. Ndiyo maana utaona karatasi yenye namba hiyo imebandikwa ukutani vizuri, na mwenye duka anakunong'oneza utume kwenye namba yake ya kawaida. Wengine wanakimbia makato, wengine hawapendi mauzo yao yaonekane. Halafu Julai 2021 ikaja tozo ya serikali juu ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Wateja wangu wa mikoani walirudi kwenye bahasha, kweli kabisa, konda na gazeti. Kelele zikawa nyingi, na Septemba mwaka ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30.

Mama sasa ana lipa namba yake nyuma ya kaunta, ila siku ya mnada wakulima anaonunua kwao wanataka noti, kwa hiyo hapendi salio lirundikane kwenye simu. Ametangaza kwamba anayelipa taslimu anapunguziwa shilingi 500. Watu wanaacha khanga mezani, wanakimbilia kwa wakala wa mlango wa pili, wanatoa, wanakatwa zaidi ya hiyo mia tano, wanarudi wakitabasamu kwa kupunguziwa. Wakala mwenyewe ni mdogo wangu.