Sombe ya Mtandire

Alipohamia Mtandire, mtaa wenye msongamano jijini Lilongwe, Malawi, mama mmoja wa Uvira, Kongo, alikuwa bado anaringa na unga wa sembe, mweupe pe. Mgaiwa, yaani mahindi yaliyosagwa na pumba zake, aliuona wa kuku.

Alitokea Dzaleka, kambi iliyoko wilaya ya Dowa, kilomita kama 45 kutoka mjini. Hapo palikuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakageuzwa makazi ya wakimbizi, yakikusudiwa watu 10,000 hivi. Siku hizi wamepita 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Kwa miaka mingi mgao ulikuwa mahindi, mbaazi au maharage, na mafuta. Tumbo lilijaa, lakini mboga kila mtu alijitafutia, na mara nyingi debe la mahindi ndilo lililouzwa ili nyanya na sabuni zipatikane.

Mtandire hakukuwa na mgao wowote, bali kodi ya chumba na biashara ndogo ya mitumba. Jirani yake Mmalawi ndiye aliyempigia hesabu mashineni: ukikoboa, unalipia kukoboa, kisha unaacha pumba na kiini, yaani mafuta na vitamini nyingi za punje. Ukisaga nzima nzima, ndoo ileile inatoa unga zaidi. Watoto walinuna wiki za mwanzo, halafu wakazoea.

Kazi ilikuwa kwenye sombe, yaani kisamvu. Kwao Uvira haipikwi bila mawese, na mawese Lilongwe ni bei ya kuogopwa. Jirani akamletea nsinjiro, unga wa karanga mbichi zilizotwangwa na kuchekechwa. Kisamvu hutwangwa, huchemshwa muda mrefu (hapo hakuna kubania mkaa, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu isiyotoka kwa haraka), ndipo nsinjiro inamwagwa na moto kupunguzwa. Ukigeuka kidogo tu, povu limeshafurika na kuzima jiko. Konzi ya usipa mkavu wa Ziwa Nyasa ikiingia humo, nyama haikumbukwi sana. Lengalenga na majani ya maboga nayo yakapikwa vivyo hivyo.

Mwaka 2023 serikali iliwarudisha wakimbizi kambini, na mitumba ikaishia hapo. Novemba mwaka huohuo kwacha ikashushwa thamani: dola moja ikaruka kutoka kama kwacha 1,180 hadi 1,700. Mgao nao ulikuwa umegeuka pesa taslimu, na pesa hiyo haikufika mwisho wa mwezi.

Sasa maharage hulowekwa usiku kucha ili yasile mkaa, na lengalenga huota kwenye magunia ya udongo ukutani. Mawese hununuliwa Krismasi, kichupa kimoja, na siku hiyo ole wake atakayesogeza nsinjiro karibu na sufuria.