Berlin: Siri ya Mgonjwa na Daftari la Serikali

Karibu na mto Spree, katika mji wa Berlin, ipo hospitali kubwa iitwayo Charité. Ilijengwa mwaka 1710 nje ya boma la mji kwa hofu ya tauni. Tauni haikufika, nyumba ikawa makao ya maskini na wagonjwa, na mwaka 1727 mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza akaipa jina hilo, ambalo maana yake ni hisani. Majengo yake ya matofali mekundu hupendeza macho, walakini leo, ndugu msomaji, twataka kutazama wasiothubutu kupita mlangoni mwake.

Katika mji huo wamo wageni wasio na hati za ukaazi: watumishi wa nyumbani, wajenzi, waosha vyombo wa mikahawani. Sheria ya Ujerumani haiwanyimi dawa. Ile ya mwaka 1993 yawapa haki ya kutibiwa maradhi ya ghafla na maumivu, na mama kuhudumiwa ajifunguapo. Neno zuri likisomwa! Lakini ili gharama zilipwe, mgonjwa hana budi aende kwanza ofisi ya ustawi wa jamii kuomba karatasi. Na ofisi hiyo, kwa kifungu cha 87 cha sheria ya ukaazi, yapaswa kulipeleka jina lake kwa idara ya wageni. Daktari amefungwa na kiapo cha siri. Karani huyo hakufungwa. Basi mwenye kisukari, au mama mwenye mimba changa, hukaa chumbani akipima lipi zito: maradhi au kurudishwa kwao.

Aletwaye mahututi ana afadhali, kwani tangu mwaka 2009 siri ya daktari humfuata mpaka kwenye hesabu za malipo. Yaani mtu angoje azidiwe ndipo awe salama. Na ajabu kubwa zaidi: mwaka 2011 shule zilitolewa katika wajibu wa kuripoti. Mtoto asiyetajwa na mwalimu, hutajwa akiombewa dawa.

Wenye huruma hawakukosekana. Mwaka 2001 Malteser, watu wa Kanisa Katoliki, walifungua mjini humo zahanati ya wasio na bima. Sisi tunaofundishwa kwamba msafiri aliyeharibikiwa ana fungu lake katika zaka, yatupasa kuwasifu. Mwaka 2018 mji nao ukafungua ofisi ya kuwaongoza watu hao kwenye matibabu.

Hata hivyo madaktari wanaojitolea wamo katika taabu ya nafsi. Wakiacha, mgonjwa hufa. Wakiendelea kuziba pengo kimyakimya, waliolitunga pengo hawalioni.