Peke Yangu Iceland, Mchana wa Saa Nne

Kwetu ukisema unaenda kisiwani, watu wanajua ni Unguja au Mafia: madafu, pweza, mchanga mweupe. Kisiwa nilichokwenda mimi Desemba kina mchanga mweusi ti, mawe ya volkano yaliyosagwa na bahari. Jua linachomoza saa tano na dakika 20 asubuhi, saa tisa na nusu limeshazama. Yaani ukichelewa kumaliza chai, siku imekwisha.

Kila niliyemuaga aliuliza swali moja: mmegombana? Wala. Mchumba wangu baridi haiwezi na likizo yake ilikuwa imeisha. Mimi Iceland nilikuwa naiota tangu Aprili 2010, pale Eyjafjallajökull (usinitanie, jina hilo hata sasa linanishinda) ilipolipuka na ndege zikasimama karibu Ulaya nzima. Wakulima wa maua wa Kenya wakabaki na mizigo ikiwaozea kwa sababu ya majivu ya huko mbali. Nikasema hicho kisiwa lazima nikione.

Barabara Namba 1 inazunguka kisiwa chote, kama kilomita 1,300, na ilikamilika mwaka 1974. Majira ya baridi sikutaka kuizunguka yote. Nilipanga upande wa kusini tu: Reykjavík hadi kijiji cha Vík, karibu kilomita 190, kisha nyingine kama hizo hadi Jökulsárlón, ziwa lenye mapande ya barafu yanayoelea. Picha ya ziwa hilo ndiyo iliyonitoa Dar.

Kuendesha upande wa kulia unazoea siku ya kwanza. Kazi ni barafu na upepo. Gari la kukodi lilikuwa na matairi ya misumari, yanakwaruza lami kama mtu anakuna nazi, na ukiyasikia moyo unatulia. Ruhusa ni kilomita 90 kwa saa. Mimi nilikwenda 60 na sikuona haya. Ukisimama, shika mlango kwa mikono miwili kabla ya kuufungua, maana upepo wa pale unaukunja kama karatasi, na bima nyingi hazilipi uharibifu huo.

Skógafoss, maporomoko ya mita 60, nilikuwa nayo peke yangu kwa nusu saa. Reynisfjara, ufukwe mweusi, usiupe mgongo wa bahari hata kwa picha moja. Wimbi linakuja refu kuliko wenzake bila kubisha hodi, na watu wameshafia pale.

Nilipofika Vík dhoruba ikaanza, na barabara ya mashariki ikafungwa. Hakuna kumbembeleza mtu. Geti limeshushwa, ramani kwenye simu ni nyekundu, basi. Nikakaa siku mbili. Kanisa la Vík liko juu ya kilima, na wenyeji wanajua kwamba Katla, volkano iliyo chini ya barafu hapo jirani, ikiamka, wote wanakimbilia huko. Mara ya mwisho iliamka kwa kishindo mwaka 1918. Wanaisimulia huku wanakoroga kahawa.

Jioni nilikwenda bwawa la maji ya moto. Sheria: unaoga kwanza bila nguo yoyote, bafu la pamoja, na wanawake wenzako wanakutazama kama umesugua vizuri. Kwa mtoto wa Tanga, ni mtihani! Ila ukishaingia kwenye yale maji, theluji inakudondokea kichwani, unasahau yote.

Usiku ule mawingu yalifunguka, mwanga wa kijani ukaanza kuchezacheza angani. Nikageuka kumshika mtu mkono. Hakuna. Nikapiga simu Dar, kule saa saba usiku, nikaanza kueleza kwa maneno, naye kwa usingizi akaniuliza, "Kijani cha namna gani?" Nilishindwa kumjibu, na hapo upweke ulinibana kweli.

Siku ya tatu geti likainuliwa saa sita mchana. Nikavuka nyanda za mchanga, nikapita mawe ya lava ya mwaka 1783, mlipuko uliosababisha njaa iliyoua takriban mtu mmoja kati ya watano nchini. Nilifika Kirkjubæjarklaustur saa saba na nusu. Zilibaki kilomita 120 na saa mbili za mwanga. Nikamwambia dada wa sheli naenda Jökulsárlón. Akatazama dirishani, akasema, "Leo?"

Nikajaza mafuta, nikageuza gari.

Tungekuwa wawili nadhani tungekwenda. Nawajua wanandoa, na sisi najijua. Mmoja angesema tumetoka mbali, mwingine asingetaka kuonekana mwoga, na kila mmoja angekanyaga mafuta kwa ajili ya mwenzake. Peke yangu sikuwa na wa kumwonyesha ushujaa. Niliendesha polepole kurudi Vík, nikimfuata dereva wa lori aliyekuwa haharakishi lolote, na nilipofika giza lilikuwa limeshaingia.

Jioni nikapiga simu kusema ziwa sijaliona na kesho naanza kurudi. Kimya kidogo. Halafu mtu asiyeiweza baridi akauliza koti zuri la kule linauzwa bei gani.