Kuteremka na Mto Zigi

Dereva wa bodaboda aliyenipandisha Amani aliniuliza kesho anifuate saa ngapi. Nikamwambia asijisumbue, nitateremka kwa miguu mpaka Sigi. Akanyamaza, akakuna kisogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie: "Dada, kama ni nauli usijali. Tutaelewana."

Wema ule bado ninao moyoni. Wala sikushangaa alipodhani nimeishiwa. Kwetu mtu haendi kwa miguu ila amekosa nauli, au gari limeharibika, au mvua imekata barabara. Utalii nao tumeuzoea wa garini: dirisha, vumbi, simba kwa mbali, haya turudi. Amani haiendewi hivyo. Ukiipita kwa gari utasema umeona majani mengi, na kweli utakuwa umeona majani mengi. Vilivyomo ndani ya majani hayo vinamsubiri anayekwenda polepole.

Ipo Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, na mimi niliyekulia Tanga mjini naona aibu kwamba nilifika utu uzima kabla sijaikanyaga. Basi lolote la Tanga litakushusha Muheza. Hapo utapata gari la abiria la kwenda milimani au bodaboda. Kiingilio hulipwa getini Sigi, bondeni, kama mita 450 juu ya usawa wa bahari. Barabara inapanda kwa kona baada ya kona mpaka Amani penyewe, karibu mita 900. Wenye mapafu yao wanazo njia za kupanda mlima moja kwa moja. Ninayoisifu mimi ni ya mtu wa kawaida, mwenye magoti ya kawaida: panda kwa pikipiki jioni, lala juu, asubuhi uteremke.

Ukilala juu, usikubali kulala mapema. Mzee mmoja mwenyeji, anayeongoza wageni tangu ujana wake, alinigongea saa mbili usiku akiwa na tochi. "Twende tukawaamkie waliolala," akasema. Tulitembea hatua mia mbili tu kandokando ya kichaka. Akamulika juu, akamulika chini, tochi ikasimama. Kwenye ncha ya kitawi palikuwa na kitu cheupe kama jani lililokauka. Nilipousogeza uso, likawa kinyonga: macho yamefumbwa, mkia umejikunja kama springi ya saa, miguu imeshika kitawi kwa mafungu mawili ya vidole kama koleo. Juu ya pua yake pembe tatu.

"Dume huyo," mzee akaninong'oneza. "Jike hana pembe."

Wataalamu wanamwita kwa jina la Derema, shamba la jirani tu. Mchana ana rangi ya kijani na huwezi kumtofautisha na mti. Usiku akilala rangi hupauka na tochi humuumbua. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga, na mimi ni mmoja wao. Nilisimama pale nikimtazama anavyopumua, ubavu ukipanda na kushuka, hofu ya miaka yote ikanitoka.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Bahari ya Hindi haiko mbali, na upepo wake ukigonga milima hii hupanda, hupoa, hugeuka mvua. Ndiyo maana msitu umedumu hapa kwa muda mrefu mno, ukiwa peke yake kama kisiwa, ukajizalia viumbe visivyopatikana pengine. Sehemu yake ilitangazwa mwaka 1997 kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ya kwanza ya namna hiyo Tanzania, yenye hekta 8,380.

Tulianzia bustani ya mimea. Wajerumani waliifungua mwaka 1902 pamoja na kituo cha utafiti, wakaleta miti kutoka Asia, Amerika na kila pembe waliyoifikia, wajue upi utazaa na upi utafaa kwa biashara. Leo bustani imezeeka vizuri. Njia zake ni pana, zimefunikwa majani makavu yanayolia kila unapokanyaga. Mtoto atapita, bibi mwenye mkongojo atapita. Vigogo vingine vina vibao vya majina vilivyomezwa nusu na gome. Kuna mianzi minene kama paja, na upepo ukivuma inasuguana na kutoa sauti ya mlango wa zamani. Mdalasini unaujua kabla hujauona: mzee alichuma jani, akalikunja, akanipa. Nilitembea nalo mfukoni siku nzima.

Wageni wengine waliopandwa hapa hawakukaa walipowekwa. Mzee alinionyesha mti mrefu mwembamba, shina jeupejeupe. Ni musizi, kama Waganda wanavyouita, asili yake magharibi huko, toka Maziwa Makuu hadi Kongo. Ulipandwa bustanini ukatulia. Kisha miaka ya 1960 hadi 1980 misumeno ikaingia msituni, magogo yakashushwa kwa malori, mwanga ukafika chini mahali ambapo haukuwahi kufika. Musizi hupenda mwanga. Hondohondo nao wanapenda matunda yake. Wanakula hapa, wanaangusha mbegu kule. Ukataji ulipokomeshwa, musizi ulikuwa umeshaenea kila penye pengo. Wakati mzee akieleza haya hondohondo wawili walipita juu yetu, na mabawa yao yalivuma kama mtu anayepepeta mchele kwenye ungo mkubwa.

Waingereza walipokabidhiwa kituo waliendelea na utafiti, na hapa nataka nisimame kidogo kwa sababu jambo hili halisemwi vya kutosha. Mwanasayansi aliyeitwa Storey alihangaikia muhogo hapa Amani miaka ya 1930. Batobato ilikuwa ikiumaliza. Yeye na wenzake wakauchanganya muhogo na jamaa yake wa Brazil, mti unaotoa utomvu wa mpira, ili wapate mbegu inayostahimili ugonjwa. Vizazi vya mihogo ile baadaye vilifika hadi Nigeria na kuwa chanzo cha mbegu nyingi zinazolimwa Afrika leo. Hapahapa Amani ndipo Storey alipoandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, kuhusu michirizi kahawia, ugonjwa ambao wakulima wa pwani wanaulilia mpaka sasa. Majengo ya enzi hizo bado yapo, mabati yameota kutu, na mbele yake nyasi zimekatwa fupi. Nilikaa kwenye ngazi nikala muhogo wa kuchemsha niliofungiwa na mwenye nyumba niliyolala, na ulikuwa mtamu.

Kuteremka kwenyewe ni saa mbili na ushei ukitembea kama mtu asiyedaiwa. Sisi tulitumia tano.

Mwanzo unapita penye chai na kusikia wachumaji kabla hujawaona, vicheko vinavyotoka ndani ya ukungu. Kisha msitu unafunga juu. Baridi inapungua kona kwa kona. Sweta nililivua, baadaye nikakunja mikono. Mizizi ya miti mikubwa imesimama kama kuta, mtu mzima anaweza kujificha ndani yake. Mbega walituona wakatulia, mikia yao mirefu yenye ncha nyeupe ikining'inia kama mashuka yaliyoanikwa. Chini ya miti, wakulima walikopanda iliki, mzee alinichutamisha. Nilikuwa nikitafuta maua juu, kwenye majani marefu. "Tazama chini, mwanangu." Iliki huchanua shinani, vitawi vyake vimelala udongoni, na kila ua ni jeupe lenye mistari ya zambarau kama iliyochorwa kwa kalamu. Nimekunywa chai ya iliki maisha yangu yote bila kujua kwamba ilianzia chini namna ile, karibu na siafu.

Siafu wapo, kwa hiyo vaa soksi ndefu. Na masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara inateleza vibaya, subiri mvua ikatike.

Karibu na mto mzee aliacha njia, akashika mwamba uliofunikwa kuvumwani ya kijani, akaniita. Kwenye ufa wenye kivuli palikuwa na majani manene ya mviringo, yenye manyoya laini kama sikio la mbuzi mchanga. Katikati ua moja la zambarau, petali tano, na vitone viwili vya manjano. Hili ndilo ua ambalo Wajerumani wanaliita urujuani wa Usambara. Mkuu wao wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta porini mwaka 1892 akapeleka mbegu kwa baba yake. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la ukoo huo. Leo limo kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, watu wanapeana kama zawadi. Hapa limejishikiza mwambani, pana kiganja kimoja cha udongo, linakunywa matone yanayochuruzika. Sikuligusa. Nilipiga magoti nikalitazama mpaka mzee akauliza kama nasali.

Sigi ilianza kusikika kabla ya kuonekana. Wajerumani walileta reli nyembamba mpaka hapa kutoka Tengeni, kubeba mbao. Reli imeondoka na nyumba ya kituo imebaki. Tulipitiliza hadi mtoni. Wengine wanauita Sigi, wengine Zigi. Maji yake yalikuwa maangavu kiasi cha kuhesabu mawe. Nilivua viatu.

Mzee akaninyooshea mkono kule mto unakopindia. Kutoka hapa unaenda Mabayani, kwenye bwawa, na kutoka Mabayani maji yanaingia kwenye mabomba ya Tanga. Mama yangu anakaa Ngamiani na kila alfajiri huweka ndoo chini ya bomba la uani kabla hajatawadha. Baridi ya maji ilinipanda mpaka magotini. Nilikaa pale nikikisia haya yanayopita kati ya vidole vyangu yatafika lini kwenye ndoo yake.