Mbio za Magari Mbele ya Mpaka

Vijana wa siku hizi wakitaja mashindano ya magari ya Safari huyataja kama mali ya Kenya, nami siwalaumu, kwa kuwa ndivyo walivyoyakuta. Sisi tuliozaliwa kabla ya uhuru tunayakumbuka kwa sura nyingine. Yalianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Toka mwaka 1960 yaliitwa Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 maneno “Afrika Mashariki” yaliondolewa katika jina, na miaka hiyo hiyo magari yakaacha kuvuka mipaka. Kitu kilichozaliwa katika nchi tatu kikajifungia katika moja, na mpaka leo hakijatoka.

Kwa nini? Jibu la haraka ninalolisikia ni ubovu wa barabara. Hilo silikubali hata kidogo. Ubovu wa barabara ndio uliokuwa utamu wenyewe. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalimaliza 7 vilevile, na mwaka uliofuata madereva walirudi tena kwa furaha.

Tena sisi wa Tunduma tunao ushahidi wetu. Ian Smith alipojitangazia utawala wa Rhodesia mnamo Novemba 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini. Ikabidi mafuta yaletwe kwa malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa na Mbeya hadi hapa kwetu, katika barabara ya udongo ambayo madereva waliifananisha na jehanamu. Malori yalizama katika tope na mengine yalipinduka, lakini yalivuka, kwa sababu Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda walitaka yavuke. Bomba la mafuta lilikuja 1968, kisha lami, kisha reli. Basi mtu asiniambie kwamba tope linaweza kuzuia gari la mashindano ambalo lilitengenezwa makusudi kwa ajili ya tope.

Kilichoyabeba mashindano yale kilikuwa nyumba moja. Ushuru wa forodha ulikuwa wa pamoja, reli ya pamoja, posta ya pamoja. Gari lililotoka Kampala kwenda Dar es Salaam lilikuwa kama mgeni anayetoka chumba kimoja kuingia kingine. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, aliposhinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, sifa ya gari hilo ilienea katika nchi zote tatu, na mfanyabiashara wa magari aliona soko moja kubwa mbele yake. Nyumba ilipoanza kupasuka, faida hiyo nayo ilipasuka. Mwaka 1971 Amin alitwaa madaraka Uganda, na Mwalimu akakataa kukaa naye meza moja. Mwaka uliofuata Waasia walifukuzwa Uganda, na jamaa ya Shekhar Mehta wakiwamo. Yeye akaibuka mshindi wa Safari mwaka 1973. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, usifunguliwe hadi 1983. Huku kwetu mafuta yalikuwa adimu, hata Jumapili baada ya saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Nchi inayowaambia wananchi wake waegeshe magari Jumapili ingewezaje kuyakaribisha magari ya mbio siku ya Pasaka?

Msomaji atasema: mipaka imefunguliwa, Jumuiya imefufuliwa, mbona Safari haijarudi kwetu? Hapa pana ugumu mpya. Safari iliingia katika ubingwa wa dunia mwaka 1973, ikatolewa baada ya mwaka 2002 fedha zilipopungua, ikarejea 2021 huko Naivasha kwa mkono mkubwa wa serikali ya Kenya. Lakini iliyorejea si ile. Zamani walikimbia kilomita zipatazo 5,000 katika barabara zilizo wazi, ng'ombe na mabasi wakiwamo. Sasa barabara hufungwa, helikopta na madaktari huwa karibu, na jioni kila gari hurudi kwa mafundi mahali palepale. Binafsi naona ni sawa kwa usalama wa watoto wetu. Ila mashindano ya namna hiyo hayana haja ya jirani.

Yamebaki mashindano ya ubingwa wa Afrika, yaliyoanza 1981, yanayozunguka nchi baada ya nchi. Jirani yetu Zambia imejaliwa humo. Satwant Singh wake alitwaa ubingwa mara 8. Huko ndiko dereva wetu wa kawaida anakoweza kujaribu, na huko ndiko anakokwama, kwani gari lake haliendi nje kama gari. Linapanda juu ya lori, linakuwa mzigo, na kila mzigo una dhamana kwamba utarudi ulikotoka. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, na kweli kazi imepungua. Hata hivyo foleni ya malori haimjui mwanamichezo. Tajiri huajiri wakala. Asiye tajiri huhesabu siku zake mwenyewe, na siku zikizidi, mashindano huanza bila yeye.

Mlowo yupo fundi kijana, mtoto wa mwanachuo wangu wa zamani, ambaye huandamana na dereva mmoja kwenda Zambia. Nilimwuliza, mwanangu, kazi kubwa ni ipi, injini au breki?

“Shikamoo, Mwalimu. Injini tunaiweza. Kazi ni karatasi.”

Alikuwa ameinamia matairi ya akiba, akiandika namba kwenye kila moja kwa rangi nyeupe, ili siku ya kurudi afisa wa forodha ayakute ni yale yale.