Chiriku Akizeeka, Asitupwe

Ndugu msomaji, mtu mwenye maneno mengi huambiwa kuwa ni chiriku, na yeyote aliyepata kumfuga ndege huyo mdogo mwenye kifua cha manjano aijua sababu. Alfajiri haijapambazuka vema, naye amekwisha kuanza. Lakini siku huja ambapo tundu hunyamaza, na watu wa nyumbani huuliza: ndege asiyeimba ni wa nini?

Swali hilo nimeulizwa mimi pia. Chiriku wetu dume yu katika mwaka wake wa tisa, na wimbo wake umekuwa haba. Rafiki mmoja alinishauri nimfungulie mlango aende zake. Ushauri huo una sura ya huruma, lakini sivyo ulivyo. Ndege aliyeishi tunduni miaka yote hiyo hajazoea kujitafutia mbegu wala kumkwepa kipanga. Kumwachia uzeeni ni kumfukuza, si kumpa uhuru. Alituimbia katika ujana wake. Tusimlipe fadhila ya punda.

Basi, atunzwe vipi? Kwanza ni chakula. Chiriku ana uzito wa gramu chache tu, na mwili wake hutumia chakula upesi mno, hata siku moja ya njaa yaweza kumwua. Tahadhari na kikombe kinachoonekana kimejaa, kwa maana yeye humenya mbegu na kuyaacha makapi papo hapo. Yapulize kila asubuhi, ndipo utakapojua kilichobaki. Mbegu peke yake hazimtoshi mzee. Juu ya uwele na ulezi, mwongezee kipande kidogo cha yai lililochemshwa, jani la mchicha lililooshwa, na mfupa mweupe wa dome unaookotwa ufukweni, ambao humpa madini ya chokaa. Mabaki yaondolewe kabla hayajachacha. Parachichi asipewe kabisa, maana ni sumu kwake.

Pili ni makao. Uzeeni macho hufifia na miguu hukakamaa. Teremsha vijiti anavyotulia, viwe vya unene mbalimbali, na chakula na maji viwe karibu navyo. Usivihamishe vyombo vyake ovyo, kwani asiyeona vema hutafuta kwa mazoea. Kucha zikirefuka hunasa kwenye nyaya. Zikatwe ncha tu, mbali na mshipa wa damu. Usiku tundu lifunikwe kitambaa chepesi, wala lisiwekwe penye upepo mkali.

Jikoni lisitundikwe kamwe. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka migodini na ndege wa jamii hii, kwa sababu gesi ya sumu isiyo na harufu huwaangusha ndege kabla ya watu. Mwaka 1986 ndipo ilipoamuliwa kwamba mashine zichukue nafasi yao. Gesi hiyo hiyo hutoka katika jiko la mkaa.

Tatu, mtazame kila siku. Ndege huficha ugonjwa, maana porini mnyonge ndiye anayekamatwa kwanza. Ukimwona amejitutumua manyoya mchana kutwa, mkia ukipandashuka kwa kila pumzi, au amejikunyata sakafuni mwa tundu, mpatie joto na umwone daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Gazeti hili nalo likishasomwa, litandaze chini ya tundu. Kinyesi cha usiku kitakueleza mengi juu ya afya yake.

Simshawishi mtu yeyote kwenda kutega ndege. Wa porini na wabaki porini. Nasema na yule ambaye tayari anaye nyumbani. Watoto wetu wanatutazama, ndugu msomaji. Wakijifunza kwetu kwamba asiyeimba hutupwa, watalikumbuka somo hilo siku sauti zetu nasi zitakapokauka.