Mradi Ukifutwa, Kinachofutwa ni Nini?

Mwezi uliopita alinijia ofisini kijana niliyemfundisha miaka kadhaa iliyopita. Sasa ni mhandisi wa programu katika taasisi moja ya umma. Baada ya shikamoo alikaa kimya, kisha akasema: "Mwalimu, huu ni mfumo wangu wa tatu kufutwa. Nafikiria kufungua duka la vifaa vya ujenzi. Nikiuza tofali, angalau litajenga nyumba ya mtu."

Sikumcheka. Kabla ya shahada ya uzamivu kunifanya mtu wa mihadhara, nami nilikuwa mwandishi wa programu. Kwa miezi kumi na minne, mimi na wenzangu watatu tulijenga mfumo wa kumbukumbu za malipo kwa ofisi ambayo sitaitaja. Akaja mkurugenzi mpya. Mradi ukasitishwa kwa barua ya mistari miwili, isiyotaja sababu. Kompyuta zikafunikwa turubai stoo. Kwa majuma kadhaa niliendelea kuamka alfajiri na ufumbuzi wa tatizo ambalo halikuwa tena la mtu yeyote.

Msiba huu si wetu peke yetu. Mwaka 2002 Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kompyuta kwa huduma yake ya afya. Mwaka 2011 ikatangaza kuuvunja, mabilioni ya pauni yakiwa yamekwisha kutumika. Lakini huko wakaguzi na wabunge waliuhoji hadharani, na taarifa zao zinasomwa hadi leo.

Nilimsimulia pia habari ya Bell Labs ya Marekani, iliyojitoa katika mradi wa Multics mwaka 1969. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wameufanyia kazi, walichukua waliyojifunza wakaanzisha Unix juu ya kompyuta ndogo. Mawazo yake yamo leo katika simu nyingi tunazobeba mifukoni. Hata hivyo sikumdanganya kwamba kila mradi uliokufa huzaa Unix. Wangu ulizaa kijiprogramu kimoja tu, cha kutambua kwamba Mohamed, Muhammad na Mohamedi huenda ni mtu mmoja. Hadi leo nakitumia kufundishia mwaka wa pili.

Ushauri wangu ulikuwa mfupi. Aigawe kazi yake katika vipande vinavyoweza kusimama vyenyewe. Aandike alichojifunza kabla hasira haijakifukia. Na aombe sababu, kwa maandishi.

Hili la tatu nawaelekezea ninyi mlioko maofisini. Kufuta mradi si dhambi. Mradi mbovu hauna budi kufutwa. Kosa ni kuufuta kimyakimya. Mtumishi asiyeambiwa sababu hujifunza somo moja tu: asijali. Mradi unaofuata ataufanya kwa mkono mmoja, nao utaanguka, nanyi mtasema vijana wa siku hizi hawajitumi. Mwananchi atakuwa amelipa mara mbili, na foleni dirishani iko palepale.

Kijana hajafungua duka. Aliniletea nakala ya barua yake ya kuomba maelezo, iliyoandikwa kwa adabu, ukurasa mmoja. Wiki ya tatu hii, hajajibiwa.